Mwanafunzi Amfundishapo Mwenziwe Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Wazazi wenye mtoto katika chuo cha uuguzi huja ofisini parokiani na barua mkononi, wapate kusomewa au kuandikiwa jibu. Katika barua hizo mna salamu, mna habari za ada, na mara nyingine mna neno moja linalowashtua wazee. Mtoto ameandika kwamba juma hili walikuwa wodini, na kwamba aliyemfundisha kupima presha ni dada wa mwaka wa tatu. Hapo baba hukunja uso. "Haya, karani, nieleze. Mimi nimeuza mbuzi ili mtoto wangu afundishwe na walimu. Mbona anafundishwa na mwanafunzi mwenziwe? Walimu wamekwenda wapi?"

Kuuliza si ujinga, na swali hilo lastahili jibu. Tena nyuma yake liko swali la pili, zito kuliko la ada: yule mgonjwa aliyelala kitandani, je, yu salama mikononi mwa wanafunzi wawili? Mgonjwa huyo aweza kuwa mama yako, au mtoto wako mwenyewe. Basi leo, wasomaji wetu, tuelezane mambo haya: kufundishana kwa wanafunzi wauguzi ni kitu gani, kuna faida gani, na mpaka wake uko wapi. Maana jambo hili ni jema sana likiwa na mpaka, na ni la hatari likiukosa.

KAZI YA MIKONO

Mwanafunzi muuguzi husoma mahali pawili. Kwanza darasani, ambako hujifunza viungo vya mwili, maradhi na dawa. Pili wodini, penye wagonjwa wenyewe. Darasani aweza kuandika vizuri ukurasa mzima juu ya kidonda, akapata alama zote. Lakini siku ya kwanza wodini, akiwa na kibanio mkononi na mbele yake mtu anayeugua, mkono hutetemeka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hajui bandeji zinawekwa kabati gani, hajui asimame upande gani wa kitanda, hajui amwambie nini mgonjwa anayelia.

Mambo hayo hayapatikani kwa kitabu peke yake, kama vile binti hawezi kujifunza kusuka ukili kwa kusomewa habari za ukili. Yafaa aone mkono wa mtu mwingine, afanye yeye, akosolewe, afanye tena. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa karibu naye, mwenye saburi, wa kumwonyesha mara ya kwanza na ya pili na ya tano.

Mtu huyo ni nani? Mkufunzi wa chuo yupo, lakini ana wanafunzi wengi katika wodi mbalimbali. Muuguzi wa wodi yupo pia, lakini ana wagonjwa wa kuhudumia, na mara nyingi hawatoshi wauguzi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2020 kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa wauguzi wapatao milioni 5.9, na karibu sehemu tisa katika kumi za upungufu huo zilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo. Pengo hilo haliumizi wagonjwa tu. Laumiza na wanafunzi, maana muuguzi aliyezidiwa na kazi hapati nafasi ya kufundisha.

Hapo ndipo anapoingia mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Huyu amekwisha kupita njia ile ile. Amefundishwa, amepimwa na mkufunzi, amefaulu. Basi hupewa kazi ya kumshika mkono mdogo wake wa mwaka wa kwanza. Mahali pengine hufundishana wanafunzi wa mwaka mmoja, wawili wawili. Ndiko kufundishana tunakokusema.

MFANO WA MATONE

Tutoe mfano, ili msomaji aone kwa macho. Mganga ameandika kwamba mgonjwa fulani apewe maji ya dripu, mililita 500, kwa muda wa saa 4. Maji hayo hushuka tone kwa tone. Yakienda mbio mno, moyo wa mgonjwa waweza kulemewa, hasa akiwa mzee au mtoto mdogo. Yakienda polepole mno, hayatamsaidia kwa wakati. Je, yashuke matone mangapi kwa dakika?

Mwanafunzi wa kwanza anatazama mfuko, kisha anamtazama mwenziwe. "Dada, hapa mimi hunipotea."

Yule mkubwa hampi jibu. Anamwambia, "Soma kwanza pakiti ya mpira. Tone ngapi hufanya mililita moja?" Mdogo anasoma: matone 20. (Mipira si yote sawa, iko ya matone 15, na ile ya watoto yenye matone madogo 60. Ndiyo sababu lazima kusoma.) "Vema. Basi mfuko mzima una matone mangapi?" Mdogo anazidisha 500 kwa 20, anapata matone 10,000. "Na saa 4 ni dakika ngapi?" Dakika 240. "Gawanya." Anagawanya 10,000 kwa 240, anapata 41 na ushei, yaani matone 42 kwa dakika.

Bado hawajafungua maji. Mkubwa naye amepiga hesabu yake mbali, kwenye karatasi nyingine, bila kumwonyesha mwenziwe. Sasa wanalinganisha. Hesabu zikipatana, wanampelekea muuguzi wa wodi azihakiki. Zisipopatana, hakuna anayegusa kitu mpaka kosa lijulikane. Muuguzi akisha kukubali, wanasimama na saa, wanahesabu matone kwa dakika moja kamili, wanarekebisha mpaka yafike 42. Baada ya nusu saa hurudi kuhesabu tena, kwa sababu mgonjwa akigeuza mkono, matone hubadilika.

Tazama sasa, mzazi, nani amejifunza hapo? Yule wa mwaka wa kwanza amejifunza hesabu ambayo hataisahau, maana amekokotoa mwenyewe. Na yule wa mwaka wa tatu naye amejifunza. Ili amwulize mwenziwe maswali yale kwa taratibu, ilimbidi kwanza ajue kwa nini, si kujua namna tu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalijua sana jambo hili. Somo unalodhani umelifahamu, ushike chaki usimame mbele ya watoto. Hapo ndipo utakapoona mahali palipo na tundu katika akili yako. Afundishaye hujifunza mara mbili.

MSICHANA WA SURESNES

Watu hudhani kufundishana ni jambo geni la siku hizi. Hasha! Katika habari za uuguzi liko tangu zamani, na wa kwanza tutakayemtaja alikuwa mtoto wa kijijini, mchungaji wa ng'ombe.

Jina lake Marguerite Naseau. Alizaliwa mwaka 1594 katika kijiji cha Suresnes, karibu na Paris, nchi ya Ufaransa. Hakupata shule. Alinunua kitabu kidogo cha herufi, akaenda nacho machungani. Kila alipopita mtu aliyeonekana kujua kusoma, alimwuliza: Herufi hii ni ipi? Neno hili husomwaje? Mtu akisha kwenda zake, Marguerite alirudia lile aliloambiwa mpaka likamkaa. Hivyo alijua kusoma.

Hakukaa na elimu hiyo peke yake. Alianza kuwafundisha wasichana wengine wa kijijini. Kisha wale aliowafundisha, wawili watatu, wakaenda pamoja naye vijijini kuwafundisha wengine, huyu kijiji hiki, huyu kile. Baadaye alisikia kwamba Mtakatifu Vincent de Paul alitafuta watu wa kuwahudumia wagonjwa maskini wa Paris. Akajitoa kwa kazi hiyo, na wasichana wengine wakamfuata. Alifariki mwaka 1633 kwa tauni, baada ya kumlaza kitandani pake mwanamke maskini aliyekuwa na ugonjwa huo. Mwishoni mwa mwaka ule ule, Louise de Marillac aliwakusanya wasichana wachache nyumbani kwake ili kuwafundisha kazi ya kuhudumia wagonjwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa Mabinti wa Upendo, masista waliotapakaa duniani wakiuguza wagonjwa.

Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, mwaka 1860, Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, mjini London, ikiwa na wanafunzi 15. Walijifunzia wodini, chini ya matroni na masista wa wodi, si darasani tu. Waliohitimu huko walitumwa mahali pengine wakawe walimu wa wenzao. Mwaka 1868 Lucy Osburn alifika Sydney, nchi ya Australia, pamoja na wauguzi watano, wakaanza kuwafundisha wengine kule. Hivyo ndivyo uuguzi ulivyoenea: mmoja akimwasha mwenziwe, kama taa iwashayo taa nyingine bila kupungukiwa na mwanga.

ONYO KUTOKA SHULE ZA ZAMANI

Lakini tusifu bila kuficha. Iko habari nyingine ya zamani itupasayo kuikumbuka.

Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell, mtu wa Uskoti, alikuwa na shule ya watoto yatima wa kiume huko Madras, nchi ya India. Aliona kwamba watoto waweza kufundishana, akawaweka wakubwa wawafundishe wadogo. Mwaka 1797 alichapa habari hizo katika kitabu. Mwaka 1798 Joseph Lancaster naye alifungua shule London kwa njia iliyofanana na hiyo. Mwalimu mmoja aliweza kusimamia mamia ya watoto katika chumba kimoja, kwa msaada wa viranja. Watu walifurahi sana, hasa kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo.

Baada ya miaka, kasoro zikaonekana. Kiranja aliwafundisha wenziwe yale aliyoyakariri asubuhi ile ile. Akiulizwa nje ya hayo, alikuwa hana jibu. Watoto walitaja maneno bila kufahamu maana. Njia ile ikafifia, na nafasi yake wakapewa walimu waliosomea ualimu.

Funzo lake ni hili: kufundishana kukitumika ili kumsaidia mwalimu, huzaa matunda. Kukitumika ili kumwondoa mwalimu, huwa ni kipofu kumwongoza kipofu, na wote wawili hutumbukia shimoni. Tena wodini aliye ukingoni mwa shimo hilo ni mgonjwa.

WATAALAMU WAMEONA NINI?

Siku zetu hizi jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2008 mtafiti Jacinta Secomb alichapisha makala baada ya kulinganisha maandishi 12 ya uchunguzi juu ya wanafunzi wa kazi za afya wanaofundishana mahali pa kazi. Aliona mambo mema mawili: wanafunzi walipata kujiamini zaidi katika kazi, na walijifunza vizuri kwa mikono na kwa akili. Aliona na mabaya mawili pia: wenzi wasiopatana kwa tabia au kwa namna ya kujifunza hawakujifunza vema; na wengine walipungukiwa na muda wa kuwa peke yao na mkufunzi.

Mwaka 2013 watafiti wengine wa Australia walilinganisha tafiti 18 za wanafunzi wauguzi. Wakaona kwamba kufundishana kwaweza kufaa sawasawa na mafundisho ya mwalimu asimamaye mbele ya darasa, na kwamba kwawasaidia wanafunzi kusema vizuri na watu, kufikiri na kujiamini.

Huko Uswidi, vyuo kadhaa huwaweka wanafunzi wauguzi wawili wawili wodini. Asubuhi hupanga kazi pamoja: mgonjwa wetu ana shida gani, tuanze na lipi, nani afanye, nani atazame. Muuguzi msimamizi husikiliza mpango wao, husahihisha, kisha hurudi nyuma hatua moja tu, akiwaangalia. Jioni wawili hao huambiana: hapa ulifanya vema, hapa ulisahau kumfunika mgonjwa. Msimamizi naye husema lake mwishoni.

Kwa nini njia hii husaidia? Sababu ya kwanza ni hofu. Mwanafunzi wa kwanza humwogopa mkufunzi na humwogopa daktari. Akiwa hajaelewa, huitika "ndiyo" ili aondokewe na macho yao. Na "ndiyo" ya uongo wodini ni sumu. Kwa dada yake wa mwaka wa tatu haoni haya kusema, "Sijaelewa." Sababu ya pili, aliyejifunza juzi anakumbuka bado mahali penye utelezi. Mkufunzi wa miaka ishirini amekwisha kusahau jinsi mapigo ya damu yalivyo magumu kusikika siku ya kwanza. Yule wa mwaka wa tatu anakumbuka. Atamwambia mwenziwe: mwache mgonjwa apumzike dakika 5 kwanza, mwegemeze mgongo, miguu ikae chini, isipandane, mkono uwekwe sawa na moyo, kitambaa cha mashine kisifungwe juu ya nguo, wala usiongee naye unapopima. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayofanya kipimo kiwe cha kweli au cha uongo, na mtu aweza kumezeshwa dawa za presha kwa sababu ya kipimo cha uongo.

MIPAKA ISIYORUKWA

Sasa tuseme juu ya mipaka. Haya si mambo ya wakufunzi peke yao. Mzazi naye yafaa ayajue, apate kuuliza akienda chuoni, na mgonjwa ayajue, apate kujua haki yake.

Kwanza, afundishaye awe amepimwa. Asiyefaulu jambo lile mbele ya mkufunzi asimwonyeshe mwenziwe. Kujua nusu na kufundisha nusu kwazaa robo.

Pili, jambo jipya lianzie katika chumba cha mazoezi, juu ya sanamu, si juu ya mwili wa mtu. Sanamu likidungwa vibaya mara kumi halilii.

Tatu, mgonjwa aombwe ruhusa. Aambiwe waziwazi, "Mama, sisi ni wanafunzi, muuguzi wetu ni yule pale. Watukubalia?" Akikataa, waseme asante, wamwite muuguzi. Maskini na asiyejua kusoma anayo haki hiyo sawa na tajiri. Kitanda cha wodi ya wengi si darasa la bure.

Nne, dawa isitolewe kwa neno la mwanafunzi mwenzi. Kila mara yaulizwe yale matano: mgonjwa ndiye? dawa ndiyo? kipimo ndicho? njia ndiyo? saa ndiyo? Wanafunzi waweza kuulizana hayo mpaka wayazoee kama sala za asubuhi, lakini atakayejibu kwa ajili ya dawa hiyo ni muuguzi mwenye leseni, naye lazima awepo.

Tano, kosa lisemwe palepale. Hapa ndipo penye mtihani mkubwa wa urafiki. Wawili waliopendana huweza kufichiana. Mmoja amesahau kuandika kipimo, mwenziwe anamwambia, "Andika tu namba yo yote, hakuna atakayejua." Huo si urafiki. Rafiki wa kweli humpeleka mwenziwe kwa msimamizi, akasimama naye pale anaposema, "Nimekosa." Na msimamizi mwema hamtukani anayekiri, kwa maana akimtukana leo, kesho atafichwa.

Sita, siri ya mgonjwa ibaki wodini. Wanafunzi wakisomeshana habari za ugonjwa, wasitaje jina la mtu njiani, sokoni wala bwenini, wala wasipige picha za wagonjwa kwa simu.

Saba, mkubwa asimfanye mdogo mtumishi wake. Kuna wanaojiita walimu ili kupata mtu wa kuwanunulia chai, kuwafulia na kuwafanyia zamu zao za usiku. Hilo ni onevu, wala halina jina lingine. Wala mwanafunzi asimpe mwenziwe alama za mtihani. Kazi hiyo ni ya mkufunzi, ili pasiwe na upendeleo wala kisasi.

Nane, mkufunzi asitoweke. Apite, aone, aulize, na kila mwanafunzi apate saa yake ya kuwa naye. Chuo kisichomwonyesha mkufunzi wodini juma zima, kikisema "wanafunzi wanafundishana", kimeficha upungufu chini ya jina zuri. Hapo mzazi ana haki ya kukunja uso.

NENO KWA WAZAZI NYUMBANI

Basi, baba na mama mliouza mbuzi, jibu la swali lenu ni hili. Mtoto akiandika kwamba amefundishwa na mwenziwe, msikasirike upesi. Mwulizeni maneno matatu. Je, huyo aliyekufundisha alikuwa amepimwa na mkufunzi? Je, msimamizi alikuwa karibu? Je, mgonjwa aliombwa ruhusa? Majibu yakiwa ni ndiyo, fahamuni kwamba ada yenu inafanya kazi mara mbili: leo mtoto anafundishwa, na kesho kutwa, akiwa wa mwaka wa tatu, atajifunza tena kwa kumfundisha mtoto wa mwingine. Majibu yakiwa ni hapana, andikeni barua kwa mkuu wa chuo, kwa adabu na bila woga.

Na mtoto akirudi likizo, msimdai yasiyo yake. Katika vijiji vyetu, binti wa chuo cha uuguzi akishuka tu kwenye basi, jirani huja na chupa ya dawa na bomba la sindano: "Mwanangu, wewe ni nesi, nichome." Akikataa, huambiwa ana kiburi. Wapendwa, mwanafunzi hajawa muuguzi bado. Huko chuoni hashiki sindano bila msimamizi. Nyumbani msimamizi yuko wapi? Akikataa, amefanya vema, nasi wazazi tusimame upande wake. Mgonjwa apelekwe zahanati.

Yako mengine awezayo kuyafanya likizoni bila hatari, na yenye faida. Awaonyeshe wadogo zake kunawa mikono kwa sabuni, katikati ya vidole na chini ya kucha. Amwonyeshe shangazi jinsi ya kuchanganya pakiti ya dawa ya kuharisha kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia. Kisha asiulize, "Umeelewa?" kwa maana kila mtu hujibu ndiyo. Aseme, "Shangazi, sasa nionyeshe wewe." Shangazi akiweza kuonyesha, ameelewa, akikosea, waanze tena bila kucheka. Na shangazi akisha kuweza, amwonyeshe jirani yake.

Kwenu vijana mlio vyuoni twasema neno moja. Yule wa mwaka wa kwanza atakayewekwa kando yako mwezi huu, amekuja na hofu ile ile uliyokuja nayo wewe. Usimcheke. Usimfiche ulijualo kwa kudhani atakupita. Usimfundishe usilolijua kwa kuona haya kusema "sijui, twende tukamwulize sista." Ipo siku utakuwa umelala wewe kitandani, na mkono utakaokuja kukutafuta mshipa huenda ukawa ni wa mtu uliyemfundisha, au aliyefundishwa na yule uliyemfundisha. Mfundishe leo kama utakavyotaka kuuguzwa siku hiyo.